Farasi Hana Ulimi: Siri Iliyo Ndani ya Kinga za Miguu

Hapa Kigoma farasi ni mnyama wa kusikiwa zaidi kuliko kuonwa. Mbung'o hakumpa nafasi. Stanley, aliyefika Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo na farasi 2. Wote walikufa kabla msafara haujafika mbali na pwani.

Siku hizi televisheni imemleta farasi mpaka sebuleni, Mwanga na Gungu. Yamkini nawe, pamoja na watoto, umemtazama katika Olimpiki akiruka vizuizi. Hesabu yake ni nyepesi: kila nguzo inayoangushwa ni makosa 4. Basi safari nyingine iangalie miguu yake ya nyuma. Utaona imefungwa kinga, mfano wa zile za ugoko wanazovaa wachezaji wetu pale Uwanja wa Lake Tanganyika.

Asili ya kinga hizo ni ya heri, kumzuia mnyama asijijeruhi kwa ukwato wake mwenyewe. Lakini wako waliogundua kuwa kinga ikikazwa mno, au ikiwekewa ndani kitu cha kubinya, farasi huirusha miguu ya nyuma juu kupita kiasi, kana kwamba anataka kujivua kilichomng'ang'ania. Nguzo haiguswi. Watazamaji hupiga makofi wakidhani ni ufundi, kumbe ni karaha.

Hapo ndipo linapozuka swali la mpandaji: alijua au hakujua? Mara nyingi anayefunga kinga ni mtunza farasi, naye mpandaji hupanda tu na kuingia uwanjani. Mchezaji wa mpira kiatu kikimbana hukaa chini akalegeza kamba. Farasi atamwambia nani?

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, halikutaka kuliacha jambo hili kwenye dhamiri peke yake. Liliweka masharti hatua kwa hatua, na tangu Januari 1, 2021 yanahusu mashindano yote ya kimataifa ya kuruka vizuizi. Kinga ya nyuma isizidi sentimita 16 kwa urefu wa ndani. Upande unaogusa ngozi uwe laini. Na vifaa vyote vya mguu mmoja visizidi gramu 500. Mvuvi wa Kibirizi hatashangaa, kwani naye anajua maana ya kupimiwa matundu ya wavu.

Kanuni za FEI zinamtaja mpandaji kuwa ndiye mwenye dhamana juu ya farasi wake. Uzito wa neno hilo ulionekana katika Olimpiki ya mwaka 2008, ambayo mashindano yake ya farasi yalifanyika Hong Kong. Farasi 4 wa kuruka vizuizi walikutwa na kapsaisini, kile kiini kinachoifanya pilipili iwashe. Ndiyo, pilipili hii hii unayoiminya juu ya mgebuka! Ikipakwa mguuni, ngozi huwasha, na farasi huogopa kugusa nguzo. Kuna aliyejitetea kwamba aliipaka mgongoni kama dawa ya maumivu. Utetezi haukufaa. Norway ilinyang'anywa medali ya shaba ya timu, ikapewa Uswisi.

Mimi nadhani kisingizio cha kutojua ni dhaifu zaidi kwa kinga kuliko kwa dawa. Dawa huhitaji maabara. Kinga huhitaji kidole: kipenyeze kati yake na mguu, kisha ifungue, upapase ndani. Hata mwenye punda wa mizigo, kama si mzembe, hupitisha mkono chini ya mkanda wa tumbo kabla ya safari.

Wasimamizi wa mashindano nao hutumia mikono hiyo hiyo. Huzivua kinga, huzipima, na daktari wa mifugo huweza kuibonyeza miguu ya farasi kuona kama anashtuka isivyo kawaida. Akishtuka hivyo, anayeitwa kujieleza ni mpandaji.