Maneno Marefu ya Sifa katika Kipolandi

Maneno ya sifa ya Kipolandi yaweza kuwa marefu hata msomaji akakata tamaa. Nasi twapenda kuonyesha jinsi yaundwavyo na jinsi ya kuyagawanya. Lugha hii si ngeni kabisa huku kwetu: Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu mpaka Urusi ya Kisovieti walipata kimbilio Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1942, na huko Tengeru, karibu na Arusha, makaburi yao yangaliko.

Kwanza, yafaa kutafuta viungo vya neno kabla ya silabi zake. Twaangalie rzymskokatolicki, yaani “katoliki la Roma”. Ndani yake mna rzymski, “la Roma”, na katolicki, “katoliki”. Neno la kwanza huacha mwisho wake na kutwaa irabu o ya kuunganishia, kisha halibadiliki tena. Mwisho wa neno zima ndio ufuatao jina: kanisa ni Kościół rzymskokatolicki, bali parokia ni parafia rzymskokatolicka. Sisi tusemapo mzuri na kizuri twabadili mwanzo. Wao hubadili mwisho.

Pili, zihesabiwe irabu. Katika Kiswahili m ya mtoto ni silabi peke yake; katika Kipolandi konsonanti haina uwezo huo. Krwi, “ya damu”, ni silabi moja tu. Tena, katika maneno ya asili, i iliyo mbele ya irabu nyingine haihesabiwi, kwa kuwa kazi yake ni kulainisha konsonanti iliyotangulia. Hivyo pięcioletni, “wa miaka mitano”, hugawanyika pię-cio-let-ni, silabi nne.

Sasa hata dziewięćsetdziewięćdziesięciodziewięcioletni halitutishi. Ni dziewięćset, mia tisa, dziewięćdziesięcio, tisini, dziewięcio, tisa, na letni, “wa miaka”. Silabi zake ni 13: dzie-więć-set-dzie-więć-dzie-się-cio-dzie-wię-cio-let-ni. Mkazo nao huangukia let, silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya Kiswahili.

Tatu, kistari si pambo. Hutiwa mahali ambapo sehemu mbili zina cheo kimoja: słownik polsko-angielski ni kamusi ya Kipolandi na Kiingereza. Żółto-zielony ni kitu chenye rangi mbili, manjano na kijani. Bali żółtozielony ni kijani kimoja kielekeacho manjano. Ndiyo sababu rzymskokatolicki haliandikwi kwa kistari: sehemu ya kwanza yaeleza ya pili, na Kanisa litajwalo ni moja. Mwenye kunakili maandishi ya Kipolandi asiongeze kistari ili kulipunguzia neno urefu, maana huenda akageuza kitu kimoja kuwa viwili.

Basi mwalimu akutanapo na neno la namna hii, asianze kulisoma kwa haraka. Atafute viungo, ahesabu irabu, aweke mkazo mahali pake, ndipo alitamke.