Akiba Haiozi, Lakini Bekapu Huoza

Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu asubuhi na katibu wa kikundi kimoja cha akiba na mikopo hapa Malindi. Stima ilipotea usiku, ikarudi kwa kishindo, na kompyuta ya ofisi ikafa. "Lakini usitie shaka ndugu yangu," akaniambia, "bekapu tunayo. Kila usiku inajifanya yenyewe."

Nilipofika nikachomeka ile diski ya nje. Kweli faili zilikuwapo, moja kwa kila usiku, zimejipanga kama makuti juu ya paa. Nikatazama ukubwa wake: sufuri. Miezi minne nyuma mtu alibadilisha nywila ya kanzidata, yaani ile hifadhi yenye majina, akiba na mikopo ya wanachama wote. Tangu siku hiyo programu ya bekapu ilikuwa ikiandika jina la faili tu, ndani hamna kitu.

Wengi wa wanachama wale ni wavuvi na akina mama wauza samaki. Ilibidi waitwe mmoja mmoja, waje na vijitabu vyao na jumbe za M-Pesa, hesabu ijengwe upya. Waliokuwa hawana karatasi walibaki na kiapo tu.

Ndugu msomaji, usidhani ni ushamba wetu wa pwani. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao duniani kote, ilipatwa na hayo hayo. Fundi wao, amechoka usiku, alifuta data kwenye seva asiyoikusudia. Walipokimbilia bekapu, wakakuta njia zao tano zote ama hazifanyi kazi au hazikuwa zimewekwa sawasawa. Moja ilikuwa ikishindwa kila siku kwa sababu toleo la programu halikulingana na la kanzidata, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi huyo aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo 6 ikapotea.

Basi tufanyeje? Kuna maswali manne, na hata mweka hazina asiye fundi anaweza kuyauliza.

La kwanza: bekapu ya mwisho ni ya lini? Tazama tarehe ya faili yenyewe, usitosheke na neno la fundi. Kunyamaza kwa kompyuta si dalili ya usalama. Afadhali ujumbe uje kila siku kusema "nimemaliza", na siku usipokuja mtu ashtuke.

La pili: ina ukubwa gani? Kanzidata ya kikundi kinachoendelea hukua. Faili ya leo ikiwa ndogo sana kuliko ya wiki jana, pana jambo.

La tatu: je, inafunguka, na hesabu zinalingana? Hapa ndipo wengi huteleza. Kanzidata nyingi zina amri ya kukagua bekapu. SQL Server ina RESTORE VERIFYONLY, na PostgreSQL tangu toleo la 13 ina pg_verifybackup. Faili iliyotolewa na mysqldump kwa kawaida humalizika kwa mstari unaosema kazi imekamilika. Usipouona, huenda ilikatika njiani. Lakini ukaguzi huo ni kama kugonga nazi kwa nje. Kuijua ni kuivunja. Chukua bekapu, irudishe kwenye kompyuta nyingine, kamwe si juu ya ile inayotumika, kisha linganisha: wanachama wangapi, jumla ya akiba ni ngapi, muamala wa mwisho ni wa lini. Chagua wanachama watano, ulinganishe na vijitabu vyao. Andika pia ilichukua saa ngapi, kwani siku ya msiba ndiyo muda ambao watu watakusubiri.

La nne: iko wapi? Machi 2021 jumba la seva la kampuni ya OVH liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao bekapu zao zilikuwa hapo hapo walipoteza vyote. Lakini usiitegemee intaneti pekee: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Kenya nzima mtandao ukawa wa kusuasua. Weka nakala moja mbali, na nyingine karibu, kwenye diski iliyochomolewa na kufungiwa pakavu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyuma.

Hili si hiari tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data za watu aweze kuzirejesha kwa wakati yakitokea maafa. Na kabla ya sheria, ni amana. Aliyekukabidhi shilingi yake ya samaki amekukabidhi pia rekodi yake.

Kwa hivyo, kwenye mkutano ujao wa chama chenu, madrasa au zahanati, msiulize "bekapu tunayo?" Jibu ni ndiyo siku zote. Ulizeni: "Mara ya mwisho tuliirudisha lini, na nani alishuhudia?" Wakitazamana, mmepata jibu.