Jiko Jipya la Kuni na Baridi ya Mbooni: Mambo Ambayo Kila Familia Inapaswa Kujua

Miezi ya Juni, Julai na Agosti huleta ukungu na baridi katika sehemu za juu za Mbooni. Kikima, Kithungo na vijiji vya milimani, moto wa jikoni una kazi mbili: kupika chakula na kuwapa watu joto. Familia ambazo zimeacha mafiga matatu na kuanza kutumia jiko la kuni lililoboreshwa hugundua jambo moja katika msimu wa kwanza wa baridi. Jiko jipya hupika vizuri kuliko mafiga, lakini halipashi nyumba joto kama mafiga yalivyokuwa yakifanya.

Anayelijua jambo hilo mapema hujipanga. Asiyelijua huishia kuingiza jiko la makaa chumbani usiku, na hapo ndipo watu hupoteza maisha. Makala haya yanaeleza jinsi jiko jipya linavyofanya kazi, mambo ya kutarajia katika wiki za kwanza, na njia salama za kupata joto.

Moshi ni kuni ambazo hazijaungua

Kuni zikipata joto hutoa gesi. Gesi hizo ndizo zinazowaka na kuwa miali ya moto. Ili ziungue zote zinahitaji joto kali, takriban nyuzi 600 za Selsiasi, pamoja na hewa ya kutosha. Zikipozwa kabla ya kuungua, kwa upepo, kwa maji yaliyo ndani ya kuni mbichi au kwa sufuria iliyo karibu mno na moto, hutoka zikiwa moshi, masizi na hewa yenye sumu. Kwa hiyo moshi unaojaa jikoni ni kuni ambazo mtu alizitafuta, akazibeba au kuzinunua, kisha zikapotea bila kupika chochote.

Mafiga matatu yamefunguliwa pande zote. Upepo huyumbisha moto, na joto jingi huenda kwenye kuta, paa na watu walioketi karibu. Kati ya sehemu 100 za joto la kuni, sufuria iliyo juu ya mafiga hupata takriban sehemu 10 hadi 15 tu.

Hasara hiyo si ya kuni peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majikoni ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba hutumia kuni kama nishati kuu ya kupikia.

Nchi za baridi huunguza moshi kwa namna gani?

Marekani, Kanada na sehemu za Ulaya, ambako theluji huanguka, watu wengi hupasha nyumba joto kwa jiko la kuni la chuma lenye mlango na bomba la moshi linalotoka nje ya paa. Baadhi ya majiko hayo yana kifaa kinachoitwa kichocheo. Kifaa hicho kina matundu mengi madogo kama sega la nyuki, na kimepakwa madini ya paladiamu au platinamu. Moshi ukipita ndani yake huungua kwa joto la takriban nyuzi 260, badala ya kuhitaji nyuzi 600. Hivyo moto unaweza kuwaka polepole usiku kucha, na moshi wenyewe ukageuka kuwa joto.

Jiko la aina hiyo lina masharti. Lazima kuni ziwe kavu. Mtumiaji husubiri jiko lipate joto kwanza, ndipo auelekeze moshi kwenye kichocheo. Plastiki, mbao zilizopakwa rangi na takataka haziingii humo, kwa sababu huharibu madini hayo. Lazima bomba la moshi lisafishwe mara kwa mara. Bei yake ni kubwa, na limeundwa kwa nyumba ambazo huwashwa moto miezi mingi mfululizo.

Mkazi wa Mbooni hahitaji jiko hilo, lakini anaweza kutumia somo lake: moshi ukipewa joto, hewa na kuni kavu, huungua na kuwa moto. Majiko yanayopatikana madukani na sokoni Makueni yanafuata kanuni hiyo kwa njia rahisi zaidi.

Jiko lililoboreshwa linavyofanya kazi

Kuna aina mbili kuu za majiko ya kuni yaliyoboreshwa. Ya kwanza ni jiko la udongo uliochomwa, ambalo hujengewa kwa matope au saruji. Jiko la Maendeleo ni la aina hii. Lilianza kusambazwa nchini katika miaka ya 1980 kupitia vikundi vya Maendeleo ya Wanawake. Ya pili ni jiko la roketi, ambalo mara nyingi ni la chuma na linaweza kuhamishwa.

Jiko la roketi lina mdomo mdogo wa kuingizia kuni na shimo la kusimama lililozungushiwa kitu kinachozuia joto lisitoroke. Hewa huingia chini ya kuni, moto hupanda ndani ya shimo, na gesi hupata joto na nafasi ya kuungua kabla ya kufika kwenye sufuria. Moto huonekana mdogo, lakini joto lake huelekezwa mahali pamoja.

Wiki ya kwanza

Mpishi aliyezoea mafiga hukutana na mambo yafuatayo.

Moto huonekana mdogo. Wengi hujaza kuni mdomoni wakidhani moto hautoshi. Hilo huziba hewa na kuleta moshi. Vijiti viwili au vitatu vyembamba hutosha. Sehemu ya chini ya mdomo iachwe wazi ili hewa ipite.

Kuni lazima zipasuliwe. Gogo linaloweza kusukumwa polepole kati ya mafiga haliingii kwenye jiko hili. Kazi ya shoka huongezeka, na kazi ya kubeba kuni hupungua. Ni vizuri familia ikubaliane mapema ni nani atakayepasua, ili mzigo huo usimwangukie mpishi peke yake.

Moto unahitaji kuangaliwa. Vijiti vyembamba huisha haraka na husukumwa mara kwa mara. Kwa isyo au muthokoi, ambavyo huchukua saa nyingi, hilo huchosha. Kuloweka mahindi na maharagwe usiku kucha hupunguza muda wa kuchemsha. Njia nyingine ni kuchemsha sufuria, kisha kuifunika na kuiweka ndani ya kikapu kilichojazwa nguo au blanketi kuukuu ili chakula kiendelee kuiva bila moto.

Jiko jipya hutoa harufu au mvuke. Rangi ya jiko la chuma hutoa harufu mara ya kwanza, kwa hiyo liwashwe nje kabla ya kupikiwa. Jiko la udongo lililojengewa liachwe likauke vizuri, kisha liwashwe moto mdogo kwa siku chache. Moto mkali wa siku ya kwanza huweza kulipasua.

Sufuria kubwa haikai vizuri. Kwa harusi, matanga au mkutano wa kikundi, familia nyingi hurudia mafiga yaliyoko nje. Hilo si kosa. Jambo muhimu ni kwamba mapishi ya kila siku yamehama kutoka kwenye moshi.

Pima mwenyewe

Hakuna haja ya kutegemea maneno ya muuzaji. Tenga mizigo miwili ya kuni zinazofanana, kavu kwa kiwango kimoja. Pika chakula kilekile, kwa kiasi kilekile, siku moja kwenye mafiga na siku nyingine kwenye jiko jipya. Linganisha kuni zilizobaki. Rudia wiki ya tatu, mpishi akishazoea. Ikiwa hakuna tofauti, chunguza mambo matatu: unyevu wa kuni, ukubwa wa vipande, na majivu yanayoziba hewa.

Kuni kavu ndizo nusu ya jiko

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Moto hulazimika kuyachemsha maji hayo kwanza kabla ya kuipasha sufuria joto. Hata jiko bora hutoa moshi likipewa kuni mbichi.

Kuni za msimu wa baridi huandaliwa mapema. Baada ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, na kabla ya ukungu kukolea, matawi ya grivelia, mikahawa, maembe na avokado yaliyopogolewa shambani yapasuliwe na kupangwa juu ya mawe au vijiti, yasigusane na ardhi. Juu yafunikwe kwa bati au turubai, na pande ziachwe wazi ili upepo upite. Kuni kavu hulia kwa sauti kali zikigonganishwa, na huonyesha nyufa kwenye ncha. Kuni zilizolowa hutoa sauti nzito.

Kupogoa miti ya shambani pia hupunguza shinikizo kwa msitu wa Mbooni, ambao ni chanzo cha maji ya mito inayohudumia wakazi wa chini. Anayetaka kuokota kuni ndani ya msitu wa serikali anapaswa kupata kibali kutoka kwa Huduma ya Misitu ya Kenya.

Kwa nini nyumba huwa baridi zaidi?

Joto lililokuwa likipotea kwenye mafiga halikupotea lote. Lilikuwa likiwapasha watu joto, likikausha mahindi darini na kuondoa unyevu ukutani. Jiko jipya hulipeleka joto hilo kwenye sufuria. Chakula kikiiva, moto huzimika, na baada ya muda mfupi chumba hupoa. Wazee na watoto wachanga ndio huhisi mabadiliko hayo kwanza.

Hatari ya makaa chumbani

Ili kuziba pengo hilo, baadhi ya familia huingiza jiko la makaa chumbani wakati wa kulala. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, na kwa sababu hiyo watu wengi huyaona kuwa salama. Ukweli ni kinyume. Makaa mekundu hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa hata mtu akiendelea kupumua.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Aliyelala huweza kufa bila kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kuwa kinga. Jiko la kuni lililoboreshwa lisilo na bomba la moshi nalo lisiingizwe chumba cha kulala, hata likionekana halitoi moshi. Onyo hili linawahusu pia wafugaji wanaopasha vifaranga joto kwa makaa: banda la vifaranga lisiwe ndani ya chumba ambamo watu wanalala.

Njia salama za kupata joto

• Familia ile na kuota moto jikoni, milango na madirisha yakiwa wazi, kisha moto uzimwe kabisa kabla ya kulala.

• Maji yaliyochemshwa mwishoni mwa mapishi yatiwe kwenye chupa imara yenye kifuniko, ifungwe kwa kitambaa na kuwekwa kitandani kabla ya mtu kulala. Kwa watoto wadogo iondolewe wanapoingia kitandani.

• Mtoto mchanga alale amefunikwa vizuri, na mchana ashikwe kifuani mwa mama au mlezi, ngozi kwa ngozi.

• Dari, hata ya magunia yaliyooshwa, huzuia joto lisitoroke kupitia bati. Isiwekwe juu ya sehemu ya kupikia.

• Nyufa za ukuta na chini ya mlango zizibwe katika vyumba visivyo na moto wowote. Chumba chenye moto kiachiwe njia za hewa.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Fungua milango na madirisha, mtoe nje mara moja kwenye hewa safi, na usikae ndani zaidi ya inavyohitajika kumtoa. Piga simu ya dharura 999 au 112, au mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu hata kama amepata nafuu. Mweleze mhudumu kwamba kulikuwa na makaa chumbani. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa na kichwa asubuhi moja, shuku makaa kwanza kabla ya kudhani ni homa.

Kabla ya kununua

Muulize muuzaji maswali manne: Je, sufuria ya kila siku ya familia inakaa vizuri juu ya jiko? Je, kuna dhamana, na ni ya muda gani? Je, sehemu ya ndani ikiharibika inaweza kubadilishwa? Je, muuzaji yuko tayari kuliwasha mbele ya mnunuzi? Jiko lililojengewa ndani ya nyumba litafutiwe fundi anayeweza kuliwekea bomba la moshi.

Wakazi wenye maswali zaidi wanaweza kufika katika ofisi ya msimamizi wa wadi yao, au kuzungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chao. Ujumbe wa kuwafikishia majirani kabla ya Julai ni huu: pasua na kausha kuni sasa, na usilale na makaa chumbani.