Picha Nzuri Kwenye Kompyuta, Giza Kwenye Karatasi: Tufanyeje?



Sharika nyingi sasa huchapa zenyewe picha nyeusi na nyeupe za kumbukumbu: wazee wa kwanza wa kanisa, kwaya za zamani, ujenzi wa zahanati. Malalamiko tunayopokea ni yale yale: kwenye kompyuta sura inaonekana vizuri, kwenye karatasi mzee amekuwa kivuli. Hata ofisi yetu ilichapa picha za namna hiyo, na familia moja ikashindwa kumtambua babu yao. Printa haikuwa mbovu.

Sababu ya kwanza ni mwanga. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wake chenyewe, lakini karatasi hurudisha tu mwanga unaoiangukia. Vioo vingi hutoka kiwandani vikiwa vikali mno, mara nyingi kandela 250 au zaidi kwa mita ya mraba, ilhali kwa kazi ya kuchapa hupendekezwa 80 hadi 120. Ukitengeneza picha mbele ya kioo kikali utaiona angavu, kumbe yenyewe ni nyeusi. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaoumia zaidi, maana macho, mikunjo na tabasamu vimo katika sehemu za giza za picha, na hizo ndizo hupotea kwanza.

Sababu ya pili ni wino. Printa nyingi za kawaida huchanganya wino wa samawati, majenta na njano ili kupata kijivu. Mchanganyiko ukikosewa kidogo, picha huwa na ukijani au uwekundu, na huweza kubadilika ukiitoa kwenye taa na kuipeleka juani. Printa zenye wino wa kijivu hupunguza tatizo hilo, ila bei yake ni kubwa.

Kabla ya kununua printa mpya, jaribuni hatua hizi:

1. Punguzeni mwangaza wa kioo mpaka ukurasa mtupu ufanane na karatasi nyeupe iliyoshikwa pembeni yake.

2. Kwenye mipangilio ya printa, chagueni aina ya karatasi mliyoiweka. Karatasi ya kawaida hunyonya wino, na weusi wake hufifia.

3. Rangi zisimamiwe na kimoja tu, programu au printa. Vikisimamia vyote viwili, picha huharibika.

4. Chapeni kwanza kipande kidogo chenye uso mmoja na ngazi za kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi. Kiacheni kikauke, kisha kitazameni mahali picha itakapotundikwa. Ngazi za giza zikiwa zimeungana, ongezeni mwanga katika sehemu hizo tu, mchape tena.

5. Andikeni vipimo vilivyofaa kwenye daftari, ili anayefuata asianze upya.

Karatasi haitang'aa kamwe kama kioo, na hilo si lengo letu. Lengo ni mjukuu asimame mbele ya picha na kusema, "Huyu ni babu." Kwa hiyo tunaziomba kamati, na wafadhili wanaozisaidia, kuingiza karatasi za majaribio katika bajeti. Kipande kimoja kilichoharibika ni nafuu kuliko picha hamsini zisizotambulika.