Mtoto Asiyetulia na Funzo la Njia ya Misafara

Kwetu Visiwani jina la Tabora si geni. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, na kuishia Ujiji, iliifunga Unguja na Unyamwezi kwa kamba moja ya biashara. Na tusisahau kwamba biashara hiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa pia. Leo hatuitaji njia ile kwa ajili ya magofu yake, bali kwa jambo la malezi.

Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza tangu wadogo kubeba vipembe vidogo mabegani. Mtoto hakutwikwa frasila mbili za mpagazi aliyekomaa. Na msafara wenyewe haukwenda kutwa nzima: uliondoka alfajiri, ukatua kabla jua halijawa kali. Bega lilijifunza kidogo kidogo, kwa vituo.

Jicho na sikio pia hujifunza hivyo. Sisi tuliopita chuoni twajua kwamba be, te na the ni umbo moja; tofauti yake ni nukta moja chini, mbili juu, au tatu juu. Siku za kwanza mtoto huona kitu kimoja tu. Akisharudia mara nyingi, nukta humjia bila kuitafuta. Vivyo hivyo mtoto wa bara ambaye lugha ya nyumbani kwao haipambanui sauti hizo, hana budi kulizoeza sikio lake hadi lisikie kwamba thamani si samani na kura si kula. Wataalamu huita jambo hili kujifunza kwa hisi, na Eleanor Gibson wa Marekani alilitolea kitabu kizima mwaka 1969.

Sasa yuko mtoto ambaye mazoezi hayo humshinda katikati. Macho yake ni mazima na masikio yake ni mazima, lakini umakini wake hukatika, mwili wake hautulii, na hujibu kabla swali halijaisha. Daktari George Still alieleza hali ya namna hiyo huko London mwaka 1902, na makadirio ya dunia leo huwa karibu watoto 5 katika kila 100. Wengine, hasa wasichana, hawasumbui mtu. Hukaa kimya wakiota mchana, na hakuna anayewatambua.

Mtoto huyu hupewa jina la mtukutu, kisha bakora. Kanuni za mwaka 2002 za Tanzania Bara ziliweka kikomo cha viboko vinne, tena kwa kosa zito. Kutopambanua herufi si kosa zito, wala si kosa.

Tabora ina heshima yake katika elimu maalumu. Shule ya viziwi ilifunguliwa huko mwaka 1963, ya kwanza nchini, na wasioona wana shule yao ya Furaha. Lakini viziwi na wasioona hutambulikana. Huyu wetu huonekana mzima, na kwa hiyo husahauliwa.

Anachohitaji hakigharimu fedha nyingi: zoezi fupi la dakika chache, mapumziko, kisha zoezi tena, tofauti kubwa kwanza, ndogo baadaye, kuambiwa papo hapo kama amepatia, na kiti cha mbele, mbali na dirisha. Usingizi nao una kazi yake. Watafiti Karni na Sagi walionyesha mwaka 1993, kwa watu wazima, kwamba uwezo wa jicho kupambanua huendelea kukua saa kadhaa baada ya zoezi kwisha. Mtoto asiyetulia mara nyingi hulala kwa shida, basi mwalimu asimhukumu jioni kwa somo la asubuhi, na mzazi asimkeshe kwa adhabu ya kurudia herufi.

Twawaomba viongozi wa Chama na Serikali, wa Bara na wa Visiwani, waweke jambo hili katika mafunzo ya kila mwalimu wa darasa la kwanza, na si ya wale wachache tu wanaosomea elimu maalumu huko Patandi. Walimu wa chuoni nao waitwe. Mara nyingi wao ndio wanaomwona mtoto huyu mwanzo, angali na umri wa miaka mitano, akiwa na ubao mikononi na macho yake yako mlangoni.