Mwenda Tezi na Omo: Safari ya Kutoka Dallas Hadi Dallas

Wahenga wa pwani waliposema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walikuwa wakizungumzia jahazi. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni kule chini kabisa ambako maji yaliyovuja hukusanyika yakachotwa. Baharia azunguke atakavyo, hatimaye atateremka huko. Wahenga hao hawakumwona Mkenya aliyemaliza likizo yake Marekani akifunga mkanda kwa safari ndefu ya kurudi, lakini methali yao yamweleza barabara.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika mji wa Embu kuna mtaa uitwao Dallas. Katika jimbo la Texas kuna jiji lenye jina hilo hilo, na humo na viungani mwake wanaishi Wakenya wengi. Si ajabu basi mwalimu wa Dallas ya Embu akaenda kumtembelea mwanawe katika Dallas ya Texas, akala naye likizo ya Agosti, kisha akarudi kwao. Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, mwendo wa saa 14 au 15 hivi. Atokaye Texas sharti kwanza afike New York, au apitie London, Amsterdam au Doha. Ukiongeza muda wa kungoja viwanjani, siku nzima humalizika njiani.

Humo ndegeni mwanaisimu hutega sikio. Aiendeshaye ndege twamwita rubani, neno ambalo zamani lilikuwa la mwelekezaji wa vyombo baharini. Aliyeketi ndani ni abiria, na kuabiri kulikuwa kusafiri majini. Nauli ilikuwa malipo ya chombo, na shehena ilikuwa mizigo ya jahazi kabla ya kuwa ya ndege. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo mapya. Mabaharia walikwisha kutuwekea akiba, nasi tukaipandisha angani.

La ajabu zaidi ni hesabu ya saa. Kiingereza huanza kuhesabu usiku wa manane. Kiswahili huanza na macheo. Hesabu yetu yaifaa sana Embu, mji ulio karibu mno na Ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama takriban wakati ule ule mwaka mzima. Huko Texas, mwezi wa Juni, jua huzama karibu saa mbili na nusu usiku kwa hesabu yetu. Kwa mtoto wa Embu hicho ni kitendawili: imekuwaje iwe saa mbili usiku na jua lingali juu? Basi abiria arudipo mashariki, ndege hulikimbilia jua na usiku wake hukatwa. Ikifika Nairobi saa tano asubuhi mwezi wa Agosti, mwili wake ungali katika saa tisa usiku ya Texas. Anapewa chai ilhali anatamani kitanda.

Kisha ndege inatua. Litazameni vizuri neno hili, enyi wanafunzi. Ndege wa mtini hutua, jua hutua, na mchukuzi aliyechoka hutua mzigo wake. Kitenzi kimoja kimebeba mwisho wa kuruka, mwisho wa siku na mwisho wa uzito. Msafiri aliyekaa kitini usiku kucha hahitaji kuelezwa uhusiano wa maana hizo. Magoti yake yanaufahamu.

Zimebaki kama kilomita 130 kutoka Nairobi hadi Embu: Thika, Makutano, mashamba ya mpunga ya Mwea, na daraja la Mto Rupingazi. Huko mtaani Dallas watoto wanamngoja. Wanangoja peremende, naam, lakini wanangoja pia habari, na hapa ndipo penye jambo zito.

Wako wanaorudi baada ya majuma matatu na lafudhi ya kuigiza, ile vijana waiitayo 'tweng'. Lafudhi peke yake si dhambi. Ulimi wa binadamu huelekea kufuata ulimi wa anayezungumza naye. Hasara huja pale mgeni huyo anaposimulia kwa Kiingereza kila kilichohusu ndege, mji na mashine, kisha akarudi kwenye Kiembu au Kiswahili ili kuomba maji ya kunywa. Mtoto hakuambiwa lolote kuhusu lugha, lakini amejifunza: mambo makubwa yana lugha yake, na lugha hiyo si ya hapa.

Shuleni nako twamsaidia kuamini hivyo. Tunampa insha ya safari ya ndege, naye anatuletea machozi yaliyomtiririka njia mbili mbili na moyo uliompapa, maneno aliyoyakariri bila kuyaona. Twampa alama kwa mapambo. Mwalimu mwenzangu, mwambie afanye kazi nyingine. Amtafute jirani aliyesafiri, amwulize kwa Kiswahili: Ulilalaje umeketi? Jua lilichomoza saa ngapi? Masikio yaliuma ndege ilipoteremka? Kisha aandike majibu kwa usahihi na uwazi.

Nawe uliyerudi, usiione aibu kujibu. Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini katiba haiwezi kukaa sebuleni kwako ikiwahadithia watoto wa jirani. Hiyo ni kazi yako. Sanduku litamalizika peremende kesho kutwa; simulizi iliyosemwa kwa lugha wanayoielewa itabaki mtaani muda mrefu zaidi.