Shilingi Zilezile, Unga Pungufu

Kadiri mapato ya kaya yanavyopungua, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato hayo inavyomezwa na chakula. Kanuni hii, iliyobainishwa mwaka 1857 na mtakwimu Mjerumani Ernst Engel kutokana na bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, hueleza kwa nini mfumuko wa bei, yaani kupanda kwa jumla kwa bei za bidhaa na huduma, huwaumiza kwa viwango tofauti hata watu wanaonunua katika soko moja.

Nchini Kenya, ambako ugali wa mahindi ndio mlo wa walio wengi, serikali imejaribu kuupunguza mzigo huo kwa ruzuku, ambayo ni fedha za umma zinazolipwa ili bidhaa iuzwe chini ya bei ya soko. Mwezi Mei 2017 pakiti ya unga ya kilo 2 iliwekewa bei ya shilingi 90, na Julai 2022 pakiti ya uzani uleule, iliyokuwa imepita shilingi 200, ikashushwa hadi 100 kwa wiki 4 (miaka yote miwili, ikumbukwe, ilikuwa ya uchaguzi mkuu). Kasoro ya mpango wa aina hii haimo katika gharama yake tu bali katika njia unayopitia, kwa sababu ruzuku hupewa zaidi wasagaji wakubwa na kumfikia mlaji ndani ya pakiti, ilhali kaya nyingi maskini hununua mahindi kwa gorogoro, yaani mkebe unaochukua takribani kilo 2, na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani. Anayepungukiwa zaidi hununua nusu gorogoro, akalipa bei ya soko bila nafuu yoyote, na siku anapoimudu pakiti huenda akakuta rafu tupu, kwa kuwa mwenye fedha na mahali pa kuhifadhi amekwisha kuwahi.

Njia ya pili ni kumpa mhitaji fedha taslimu ajichagulie mwenyewe. Mpango wa Inua Jamii, ambao mwaka 2018 ulipanuliwa ili kuwafikia wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, uliwatengea shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa bei ya ruzuku ya 2022 kiasi hicho kingenunua pakiti 20 za unga, na kwa bei ya kabla yake zisingefika 10, ingawa hakuna aliyekatwa hata senti. Malipo yakichelewa, mzee huchukua unga dukani kwa mkopo, na fedha zinapofika huwa zimekwisha kuliwa.

Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kaskazini mwa Kenya, mpango wa kukabiliana na njaa ulioanza kulipa shilingi 2,150 kila baada ya miezi 2 uliongeza kiwango hicho kwa awamu hadi 5,400, na huongeza idadi ya kaya zinazolipwa pale picha za setilaiti zinapoonyesha kwamba malisho yamekauka. Huu ni ubunifu wa kusifiwa, lakini kipimo chake ni majani, na unga unaweza kupanda bei mjini Lodwar, huko Turkana, hata malisho yakiwa mazuri, kwa kuwa huletwa kwa lori kutoka upande wa Kitale na bei ya dizeli imo ndani ya kila pakiti.